Laini Utaivunja, NIDA Je?

"Mtaalamu, nikivunja laini, lile deni la kwenye simu si linapotea?"

Swali hili nimeulizwa Samuye hapa Shinyanga, nimeulizwa stendi ya Kahama, nimeulizwa na vijana wa maduara, yaani mashimo ya dhahabu, ya Mwakitolyo. Linanifikia pia kutoka Nyarugusu na Rwamgasa, karibu kila mara kwa namba ngeni, kwa kuwa mwulizaji huwa ameshaivunja tayari. Deni halipotei. Ningeweka nukta hapa nikaendelea na shughuli zangu, ila swali hili lina pacha wake: "Basi niombe wapi sasa?" Na kabla sijafungua mdomo, mtu ameshaomba kila mahali ndani ya wiki moja.

Nikiri kwamba imani hii ya kuvunja laini ina asili yake. Zamani kadi ya simu iliuzwa barabarani kama karanga, ikasajiliwa kwa jina lolote lililomjia muuzaji kichwani. Ukiitupa, aliyekukopesha hana pa kukutafuta. Enzi hiyo imekwisha. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019. Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akasajili laini yake huko Chato, mkoani Geita, akawaongezea waliochelewa siku 20, na tarehe 20 Januari 2020 ikawa mwisho. Tangu hapo laini yako iko chini ya namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa: tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa ni tarehe yako ya kuzaliwa. Hiyo nayo utaivunja?

Ulipobonyeza "kubali" kwenye simu, haikukopeshwa kadi ya plastiki. Ulikopeshwa wewe. Mkopeshaji mwenye leseni hupeleka taarifa zako kwenye mfumo wa taarifa za wakopaji unaosimamiwa na Benki Kuu kwa kanuni za mwaka 2012, na kampuni zilizopewa leseni ya kazi hiyo, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, ndizo zinazozikusanya na kuzigeuza ripoti. Wanakutambua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na kitambulisho. Namba ya simu ni kiambatisho tu, tena dhaifu kuliko vyote. Kwa hiyo unapovunja laini, deni linabaki na siku za kuchelewa zinaendelea kuhesabiwa. Kilichobadilika ni kimoja: hupati tena ujumbe wa kukukumbusha.

Kuna wanaojiona wajanja zaidi. Mtu wa namna hii havunji laini yake, anakopa kwa laini ya mdogo wake au ile aliyouziwa machimboni ikiwa imeshasajiliwa kwa jina la mtu. Mwaka mmoja baadaye mdogo mtu anaomba mkopo wa pikipiki, anaambiwa ana deni lililolala miezi kumi. Anaapa kwamba hajawahi kukopa hata shilingi. Anasema kweli, na ripoti inasema kweli pia: aliyekopa ni kidole chake.

Hasara kubwa kuliko zote ndiyo isiyotajwa kabisa. Mwalimu wa Samuye akienda benki anabeba hati ya mshahara. Mchimbaji mdogo anabeba nini? Dhahabu inatoka mwezi huu, miezi minne inayofuata ni kifusi kitupu. Mwenye karasha ya kusaga mawe, mama ntilie wa machimboni, dereva wa bodaboda wa njia ya Tinde, wote hawa ushahidi wao wa kipato ni miamala ya simu: fedha zinazoingia, zinazotoka, kwa muda gani na bila kukatika. Wakopeshaji wa simu, tangu enzi za M-Pawa iliyoanza mwaka 2014, wamekuwa wakipima mtu kwa mwenendo huo huo. Sasa wewe kwa deni la elfu arobaini unaitupa historia ya miaka sita ya laini yako, kisha unashangaa laini mpya inapewa kikomo cha elfu tano. Umechoma vyeti vyako mwenyewe ukidhani unachoma hati ya mdai.

Halafu wapo wale wanaotangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba "wanasafisha jina CRB", yaani kwenye kampuni hizo za taarifa za wakopaji, kwa elfu themanini. Hakuna duka la namna hiyo. Anayeweza kurekebisha taarifa ni mkopeshaji aliyeipeleka, na anairekebisha kwa sababu moja tu: kwamba si sahihi. Deni ulilolipa halifutwi, linaandikwa kuwa limefungwa, na historia ya jinsi ulivyolilipa inabaki ikionekana. Msafishaji atachukua elfu themanini na nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, na ukimpa hiyo ya pili umempa kikubwa kuliko fedha. Zile habari za "cheti cha CRB" nazo ni za Kenya, ambako watafuta kazi za serikali wamekuwa wakidaiwa cheti hicho. Tusichanganye mambo ya watu na yetu.

Sasa pacha wa swali: kuomba. Watu wanadhani maombi ya mkopo yanaacha alama pale tu unapopewa. Wengine wanadhani kinyume, kwamba ukikataliwa ripoti inaandikwa "amekataliwa" kwa wino mwekundu. Yote si kweli. Ukiomba, mkopeshaji anaivuta ripoti yako, na kule kuvuta kunaandikwa: tarehe na aina ya aliyeuliza. Haiandikwi kama ulipewa au ulinyimwa. Na hapo ndipo penye tatizo.

Vaa viatu vya afisa mikopo. Mbele yake kuna ripoti ya mwombaji: mkopo mmoja, umelipwa vizuri. Chini yake kuna maulizo matano ndani ya siku kumi na mbili. Wakopeshaji kwa kawaida hupeleka taarifa zao kila mwezi, kwa hiyo mkopo uliotolewa juzi unaweza usionekane leo. Afisa hajui kama wale watano walikataa wote, au walikubali wote na mtu huyu tayari ana madeni matano ambayo hayajaingia kwenye mfumo. Katika hali zote mbili hana sababu ya kuwa wa sita. Si kwamba ana chuki na wewe. Ana shimo la wiki kadhaa kwenye taarifa zake, na wewe umesimama katikati ya shimo hilo na fomu mkononi.

Na asidhani mtu kwamba benki inaweza kuamua kutoangalia. Mikopo chechefu, ile isiyolipwa, ilipovuka asilimia 10 ya mikopo yote nchini mwaka 2017, Benki Kuu ilizibana benki: ripoti kwanza, fedha baadaye.

Kijana mmoja alinibishia kwa video ya Marekani. Kule, kwa alama za FICO, ukizunguka benki nyingi kutafuta mkopo wa nyumba ndani ya siku 14 hadi 45, kutegemea toleo la mfumo, maulizo yote huhesabiwa kama moja, na ulizo moja kwa kawaida hupunguza chini ya pointi tano kwenye kipimo cha 300 hadi 850. Ni kweli kabisa, ila ni kwao. Usichukue ruhusa ya Chicago ukaitumie Shinyanga mjini, kwa mkopo wa simu wa siku thelathini. Kikubwa kinachoharibu ripoti, huko na huku, ni kuchelewa kulipa; maulizo ni dalili tu. Lakini mtu asiye na historia ndefu, dalili ndiyo yote aliyonayo. Kujiangalia mwenyewe, kwa taarifa yako, hakukuharibii kitu.

Haya, la kufanya, kwa haraka kwa sababu nafasi inaisha. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Usiyoitambua, nenda kwa kampuni ya simu ikafutwe. Omba nakala ya ripoti yako kwa kampuni ya taarifa za mikopo, ni haki yako. Ukikuta kosa, anza na mkopeshaji kwa maandishi, ukiwa na risiti. Asipokusikia nenda kwa kampuni iliyotoa ripoti, kisha Benki Kuu, ambayo kwa kanda yetu ina tawi Mwanza. Ukimaliza deni dai barua ya kumaliza deni, hata kama ni la laki moja, hata kama afisa anakunja uso. Unatafuta mkopo? Uliza riba, makato na masharti kwa mdomo katika benki na SACCOS kadhaa kabla ya kusaini idhini popote. Kuuliza bei si kuomba mkopo. Kisha omba mahali pamoja tu; ukikataliwa hata pa pili, pumzika miezi michache na uulize sababu. VICOBA na deni la dukani kwa kawaida havimo kwenye ripoti, kwa hiyo usitegemee uaminifu wako wa kikundi ukuongelee benki. Programu za mikopo zisizo na leseni, na Benki Kuu ilitaja 69 Novemba 2024, zikikutisha kwamba zinakupeleka CRB, jua hazina njia halali ya kufanya hivyo. Na zikiwapigia watu walio kwenye simu yako kukuaibisha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, kalalamike.

Na kama duara limegoma na marejesho yamekushinda, mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu. Usisubiri ifike huko: nenda kwa mkopeshaji siku ya ishirini ukiomba upangiwe upya, laini ikiwa hewani. Mdhamini wako naye mwambie mapema, kabla hajapigiwa simu na benki. Kwa kusaini kwake, deni hilo linaweza kuonekana kwenye ripoti yake pia.