Mbio za siku moja, mlo wa miaka 50

MBIO ndefu za kilometa 42 humalizika siku moja. Bingwa hutumia zaidi kidogo ya saa mbili, na mwananchi wa kawaida saa tano au sita. Lakini sokwe mchanga aliyeokolewa mikononi mwa majangili, akitunzwa vizuri, anaweza kula kwa miaka 50.

Hesabu hizo mbili zinapaswa kuwekwa mezani kila inapotajwa fikra ya kuandaa mbio za hisani kwa ajili ya kuokoa wanyama katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Fikra yenyewe ni nzuri. Mbio za hisani zimeenea nchini, na tangu mwaka 2020 Benki ya CRDB imekuwa ikiandaa mbio zake kuchangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Mkoa wa Kigoma una hifadhi mbili za sokwe zinazojulikana duniani kote, Gombe upande wa kaskazini na Milima ya Mahale upande wa kusini. Swali ni fedha zitatoka wapi, zitakwenda wapi, na mkulima wa kahawa wa Kalinzi au mama muuza mawese wa Ujiji atabaki na nini.

Mfano wa Lewa

Afrika Mashariki inao mfano wa kujifunzia. Kaskazini mwa Mlima Kenya kuna eneo la Lewa, ambalo tangu mwaka 1922 lilikuwa ranchi ya ng'ombe ya familia ya Craig. Mwaka 1983, wakati majangili wakiwamaliza faru nchini Kenya, Anna Merz, mama mwenye asili ya Uingereza, aliafikiana na familia hiyo kutenga ekari 5,000 za ranchi, zikazungushiwa uzio, na baadhi ya faru waliobaki wakahamishiwa humo. Miaka miwili baadaye Merz alimlea mwenyewe kwa chupa ndama wa faru aliyeachwa na mama yake. Mwaka 1995 ranchi nzima iligeuzwa kuwa eneo la hifadhi.

Mwaka 2000 Lewa, kwa kushirikiana na shirika la Tusk Trust la Uingereza, ilianzisha mbio ndefu ndani ya hifadhi. Mzunguko ni wa kilometa 21, na wa mbio kamili huuzunguka mara mbili, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700 kutoka usawa wa bahari. Askari wenye silaha hulinda njia, na helikopta huruka juu kuwasogeza tembo, nyati na simba wasiwakaribie wakimbiaji. Mbio hizo zilianza na wakimbiaji wasiofika 200. Baadaye zikavuta zaidi ya 1,000 kwa mwaka.

Kinachomhusu mfanyabiashara ni mpangilio wa fedha. Fedha huingia kwa milango mitatu. Wa kwanza ni kiingilio cha mkimbiaji. Wa pili ni wadhamini. Kwa miaka mingi mbio hizo zilibeba jina la kampuni ya simu ya Safaricom. Wa tatu ni ahadi: mkimbiaji huwazungukia ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake, kila mmoja akaahidi kiasi iwapo atamaliza. Mlango huo wa tatu ndio pia nguvu ya mbio za London, ambako tangu miaka ya 1990 huonekana watu wakikimbia ndani ya vazi zito la umbo la faru kuchangia uhifadhi wa mnyama huyo.

Utaratibu wa ahadi si mgeni Kigoma. Ni ule ule wa michango ya harusi: kamati, kadi, daftari na mweka hazina anayepiga simu kila jioni kukumbushia. Tofauti ni kwamba harusi ikiisha, kamati huvunjwa. Kamati ya mbio za kuokoa wanyama haiwezi kuvunjwa, kwa sababu mnyama bado yupo.

Jambo jingine la kujifunza Lewa ni kwamba mapato hayaishii kwa faru. Sehemu yake hujenga shule, zahanati na miradi ya maji kwa majirani wa hifadhi. Jirani anayechota maji ya bomba lililotokana na faru ana sababu ya kutoa taarifa anapoona jangili.

Yatima wa Bujumbura

Ziwa Tanganyika lenyewe lina historia ya kuokoa sokwe, na historia hiyo inaonyesha ugumu wa kazi. Kwa miaka mingi sokwe wachanga walikuwa wakitoroshwa kutoka misitu ya Kongo na kupitishwa Burundi. Ili kumkamata mtoto, jangili humuua mama, na mara nyingi wengine wanaomtetea. Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha kituo cha muda mjini Bujumbura kwa ajili ya yatima waliokamatwa na serikali.

Kisha vita ikaja. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Burundi iliingia kwenye mapigano, na kituo kikawa hatarini. Kati ya mwaka 1993 na 1996 sokwe wa Bujumbura walihamishiwa kwa awamu katika kituo cha Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya. Kenya haina sokwe wa porini hata mmoja, lakini ilikubali kuwapokea. Uganda nayo ilifungua kituo cha kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria mwaka 1998. Kisiwa hicho kina ekari kama 100 za msitu, na bado msitu huo hautoshi kuwalisha sokwe walioko, hivyo hupewa chakula kila siku.

Wengi huuliza kwa nini yatima wasirudishwe tu Gombe. Sababu ni mbili. Sokwe wa porini huilinda mipaka yao na huweza kumuua mgeni. Kati ya mwaka 1974 na 1978 watafiti wa Gombe walishuhudia kundi moja likiliangamiza jingine lililojitenga nalo. Pili, sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu kwa urahisi, na aliyekaa na watu anaweza kuwapelekea wenzake mafua yatakayoua. Kwa hiyo yatima akishaingia kituoni, kwa kawaida hubaki humo maisha yake yote.

Hesabu za daftari

Tuchukue mfano wa mbio za watu 500, kiingilio Sh 40,000. Mapato ni Sh milioni 20. Fulana kwa Sh 15,000 kila moja ni Sh milioni 7.5. Medali kwa Sh 4,000 ni Sh milioni 2. Maji, gari la wagonjwa, ulinzi na vifaa vya kupimia muda tuseme Sh milioni 4, na matangazo Sh milioni 2. Jumla ya gharama ni Sh milioni 15.5, na kinachobaki ni Sh milioni 4.5.

Sasa tuchukulie mlo wa sokwe mmoja ni Sh 10,000 kwa siku. Kwa mwaka ni Sh 3,650,000. Mbio nzima, pamoja na jasho la watu 500, imemlisha sokwe mmoja kwa siku 450. Kwa miaka 50, bila kuhesabu mishahara ya walezi, daktari wa mifugo, ukarabati wa uzio wala kupanda kwa bei, mlo peke yake ni Sh milioni 182.5.

Takwimu hizo ni za mfano, na kila kamati itaweka zake. Lakini umbo la hesabu halibadiliki: gharama za mbio zikilipwa kutoka kwenye viingilio, mnyama hupata makombo. Zikilipwa na wadhamini, Sh milioni 20 zote hubaki, nazo zinaweza kuwalisha sokwe watano kwa mwaka. Ndiyo maana waandaaji makini hutafuta mdhamini kwanza, kisha ndipo huagiza fulana.

Msitu ni nafuu zaidi

Hapo ndipo mkulima wa Kigoma anapoingia. Kumwokoa sokwe aliyekwisha kuwa yatima ni ghali. Kumwacha na mama yake ndani ya msitu ni nafuu mara nyingi, ila msitu hauna budi kuwepo, na mkulima hawezi kuambiwa aache kuufyeka bila kupewa njia nyingine ya kuishi.

Hayati Dk. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kufariki dunia Oktoba 2025, alilitambua hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipoiona kutoka angani milima inayoizunguka Gombe ikiwa tupu. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1968, ni ndogo, kilometa za mraba 52 hivi. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vya Kigoma: vitalu vya miti, mikopo midogo, elimu ya wasichana, afya ya uzazi, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi, ambapo vijiji vyenyewe vilitenga misitu ya akiba.

Kahawa nayo ikaingia. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Marekani ya Green Mountain Coffee Roasters iliuza kahawa ya wakulima wa Kigoma, kupitia ushirika wa Kanyovu, kwa jina la Gombe Reserve. Mnywaji wa Marekani alikuwa akichangia kila asubuhi bila kuvaa viatu vya kukimbilia. Hiyo ni tofauti kubwa na mbio: biashara hurudi kila msimu.

Turudi kwenye Sh milioni 4.5. Kama mche mmoja wa kahawa iliyoboreshwa, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, utagharimu Sh 500, fedha hizo zitatoa miche 9,000. Kwa miche 540 kwa ekari, hizo ni ekari zaidi ya 16, ambazo huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Tahadhari ni kwamba miche ipandwe kwenye mashamba yaliyopo. Bila mpango wa matumizi ya ardhi unaofuatwa, bei nzuri ya kahawa inaweza kuwa sababu mpya ya kufyeka msitu.

Huruma inayoharibu

Kuna jambo moja ambalo kila mfanyabiashara anayesafiri kati ya Kibirizi na bandari za Kongo au Burundi anapaswa kulijua. Ukionyeshwa sokwe mchanga anauzwa, usimnunue kwa kumwonea huruma. Fedha utakayotoa ni bei, na bei humrudisha jangili msituni kuua mama mwingine. Kumiliki mnyama huyo bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori au polisi.

Kwa upande wa biashara ndogo, siku ya mbio huleta wateja wa vyumba, chakula, usafiri na dagaa wa kufunga. Hiyo ni faida, lakini isihesabiwe kuwa ajira. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024, waliotegemea dagaa na migebuka walihitaji kipato cha miezi mitatu, na hakuna tamasha la siku moja linaloweza kuziba pengo kama hilo. Kinachoweza kusaidia ni kamati kuamua mapema kwamba ndizi, maji, mifuko na chakula vitanunuliwa kwa wazalishaji wa Kigoma na Ujiji, na bei zibandikwe hadharani.

Kabla ya kulipa kiingilio, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali manne. Je, mbio zina kibali cha vyombo vya riadha? Fedha zinaingia akaunti gani, na nani wanatia saini? Katika kila shilingi 100, ngapi zinakwenda kwenye gharama, ngapi kwa mnyama na ngapi kwa kijiji kinachoutunza msitu? Na mwaka ambao mbio hazitafanyika, mnyama atakula nini?

Kamati yenye jibu la swali la nne imetenga akiba. Isiyo nalo iahirishe mbio mpaka ilipate.