Kijiji cha kiikolojia huanzia kwenye mkutano mkuu

Vijana wanaokuja kwangu wakitaka kuanzisha kijiji cha kiikolojia huwa na mchoro mzuri: nyumba za tofali za udongo, matanki ya maji ya mvua, mtambo wa biogesi, miti katikati ya mazao. Mimi ni afisa ardhi mkoani Morogoro, na swali langu la kwanza ni moja: mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji hicho unasemaje?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaiachia halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote. Lakini halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu, ambako kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana sauti. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti peke yake haitoshi, hata kama fedha zimehesabiwa mbele ya mashahidi.

Mpango huonyesha makazi, mashamba, malisho na msitu wa kijiji. Eneo linalowavutia kwa kuwa lina nyasi na halina mtu, mara nyingi ni malisho. Wafugaji watalirudia kiangazi. Ukijenga hapo umeanzisha ugomvi, na huku Morogoro tumezika watu kwa migogoro ya wakulima na wafugaji. Kijiji kikiridhia, mpango urekebishwe kwanza, msingi uchimbwe baadaye.

Mto nao una sheria yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mkikusudia kujenga nyumba za wageni, waulizeni Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) mapema kama mnahitaji tathmini ya athari kwa mazingira.

Karibu na mji, masharti huongezeka. Eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, kugeuza shamba kuwa makazi kunahitaji idhini ya mamlaka ya upangaji, kisha kibali cha ujenzi.

Mfano ninaowapa ni Chololo, Dodoma. Mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia mwaka 2011 haukwenda kutafuta pori jipya. Ulifanya kazi na kijiji kilichokuwapo, chenye ukame, na wenyeji wakajaribu makinga maji, mbegu zinazokomaa mapema, biogesi na majiko sanifu.

Kwa hiyo nawasihi: fikeni kijijini kabla ya kumlipa mchoraji. Ombeni kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya mpango. Wasikilizeni wafugaji na akina mama wanaochota maji. Hudhurieni mkutano mkuu, na muondoke na muhtasari uliosainiwa. Hatimiliki ya kimila inayopatikana kwa njia hiyo ina majirani wa kuitetea.