Mfumo Endeshi wa Kompyuta: Maana na Aina Zake

Kila siku tunatumia simu na kompyuta, lakini tukiulizwa ni nini kinachoviendesha vifaa hivi, wengi tunabaki kimya. Jibu ni mfumo endeshi.

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Tuufananishe na nahodha wa meli inayotia nanga hapa Liuli. Abiria ni programu nyingine: ya kuandikia barua, ya muziki, ya intaneti. Kila mmoja anataka nafasi, na nahodha ndiye anayehakikisha wote wanasafiri bila kugombana. Vivyo hivyo, mfumo endeshi hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za prosesa, hutunza mafaili na hupokea amri za kibodi na kipanya.

Aina zake kuu ni hizi:

1. Windows ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1985. Imeenea sana maofisini na mashuleni, na hutumika kwa leseni ya kulipia.

2. macOS ya Apple, kwa ajili ya kompyuta za Mac.

3. Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Ni huru: yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuirekebisha. Toleo lake la Ubuntu lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo ni ndugu wa neno letu "utu".

4. Android na iOS, kwa ajili ya simu. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. iOS ni ya iPhone.

Hapa linakuja suala la dhamiri. Wengi wetu huwekewa Windows isiyo na leseni na kuona ni jambo la kawaida. Amri ya saba inakataza wizi, na jasho la mwandishi wa programu ni mali yake. Tena nakala hizo mara nyingi huja na virusi.

Zaidi ya hayo, tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Tusizitupe. Matoleo mepesi ya Linux, kama Xubuntu, yanaweza kuzifufua kihalali na bure.

Basi, kabla ya kununua kompyuta ya mtumba, tuulize: ina mfumo gani, na leseni yake iko wapi?