Kijana wa fidla aliyeshindwa na Kilatini

Mwaka wa 1828 kijana mmoja wa miaka 18 aliondoka Bergen, mji ulio pwani ya magharibi ya Norwe, akaenda Christiania, ambayo leo ni Oslo, kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Babake, mwuza dawa, alitaka awe kasisi. Kijana alianguka, Kilatini kilimshinda. Sisi tunaosahihisha mitihani twafaa kulikumbuka jina lake kila tushikapo kalamu nyekundu: Ole Bull.

Moyo wake ulikuwa kwingine. Alipokuwa na umri wa miaka tisa tu, alikwisha kupiga fidla mbele ya hadhira akiandamana na okestra ya Bergen. Mwaka wa 1831 alikwenda Paris, na mnamo 1834 jina lake likavuma kutoka Bologna, Italia. Tangu 1843 hata Marekani ilimjua. Hayo ni maisha ya mpiga fidla yeyote aliyefanikiwa, nami nisingewachosha wasomaji kwa hayo peke yake.

Kilichonivuta ni kile alichokibeba ndani ya fidla hiyo. Tangu utotoni Bull aliwasikiliza wapigaji wa vijijini, wenye fidla ya Hardanger. Chini ya nyuzi zinazopigwa, ala hii ina nyuzi nyingine zisizoguswa na upinde, ambazo huitikia zenyewe kila zile za juu zinapolia. Waliosoma waliiona kuwa kitu cha wakulima, na wahubiri wakali waliihesabu kuwa chombo cha shetani. Bull alizitia nyimbo hizo katika maonyesho yake. Tena mwaka wa 1849 alimpandisha jukwaani huko Christiania fundi wa kijijini, Torgeir Augundsson, aliyejulikana kwa lakabu ya Myllarguten, yaani kijana wa msaga nafaka. Waungwana wa mji mkuu wakaketi kumsikiliza mkulima.

Hapa ndipo sanaa ilipogusana na lugha. Norwe ilikuwa chini ya Denmark kwa karne nne hivi, hadi 1814. Watawala waliondoka, lakini Kideni kikabaki katika maandishi, na majukwaani waigizaji wa Kideni ndio waliotamba. Iliaminika kwamba matamshi ya Mnorwe yanafaa sokoni, si penye sanaa. (Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa imani ya namna hiyo.) Mnamo Januari 1850 Bull alifungua Bergen jumba la michezo ya kuigiza, vijana wa nchi wakaigiza kwa matamshi ya kwao. Mwaka uliofuata alimwajiri kijana wa miaka 23 asiyejulikana sana, Henrik Ibsen.

Katika darasa za isimu tunamsifu Ivar Aasen, aliyezunguka vijijini akikusanya lahaja, akatoa sarufi yake mwaka wa 1848 na kamusi mwaka wa 1850. Anastahili. Lakini Bull hatumtaji kabisa, na naona tunakosea. Sarufi huthibitisha kwamba lugha ina kanuni. Haimwondolei mwenye lugha aibu ya kuitumia mbele ya wakubwa. Aibu hiyo huondoka anapoisikia ikitamkwa mahali penye heshima, na watu waliolipa kiingilio wakiipigia makofi. Ni kweli kwamba waigizaji wa Bergen hawakusema lugha ya Aasen. Walisema lugha ya mjini, iliyokuwa karibu sana na Kideni, ila kwa sauti ya Kinorwe. Hata hivyo, sauti ndiyo iliyokuwa ikidharauliwa.

Bull hakuwa msimamizi hodari. Aliliomba Bunge lilisaidie jumba lake kwa fedha, akakataliwa. Mwaka wa 1852 alikuwa Pennsylvania akiwaanzishia Wanorwe makao aliyoyaita Oleana, katika ardhi ya milima isiyolimika vyema. Makao hayo yakasambaratika upesi. Jumba la Bergen lenyewe lilifungwa mwaka wa 1863, likafufuliwa 1876.

Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka wa 1858, alimsikia mvulana wa miaka 15, jamaa yake kwa ndoa, akipiga piano. Akawashawishi wazazi wampeleke Leipzig kusomea muziki. Mvulana huyo alikuwa Edvard Grieg.