Kompyuta Inapoikana Kamera ya Zamani

Katika nyumba nyingi za askari liko sanduku la bati chini ya kitanda. Humo huwekwa vyeti, barua, picha, na vitu vyote ambavyo mama wa nyumba hataki vichezewe na watoto. Katika baadhi ya masanduku hayo zimo pia kanda ndogo za video pamoja na kamera iliyozirekodi. Picha ya karatasi hutazamwa kwa macho tu, lakini kanda ni bubu mpaka ipate mashine ya kuisemesha.

Hivi karibuni jirani yangu, mjane wa askari, alinijia na sanduku la namna hiyo. Marehemu mumewe alikuwa miongoni mwa askari wa Uganda waliopelekwa Mogadishu mwaka 2007. Usiku wa kuamkia safari, ndugu yake aliwarekodi wote wakila chakula nyumbani. Alirudi salama, lakini miaka michache baadaye maradhi yalimchukua. Binti yao, ambaye wakati ule alikuwa bado akibebwa mgongoni, sasa yu karibu kuolewa, naye ameomba jambo moja tu: aisikie sauti ya baba yake.

"Mwalimu," mama yule akaniambia, "fundi ameiunganisha kamera na kompyuta, lakini kompyuta haiitambui. Asema kamera imekufa, niitupe."

Nikaiwasha. Katika kioo chake kidogo picha ikatokea. Basi, ndugu msomaji, kamera inayowaka na kuonyesha kanda haijafa. Kilichokosekana ni mapatano kati yake na kompyuta. Kabla ya kutupa kitu au kumlipa fundi, yafaa kuchunguza mambo manne kwa utaratibu, tukianza na yale yasiyogharimu hata senti.

Kwanza ni umeme. Betri iliyozeeka huishiwa nguvu upesi, na kamera nyingine hujizima zenyewe zikikaa kitambo bila kazi. Tumia umeme wa ukutani. Kisha tazama swichi: kamera ikiachwa katika hali ya kurekodi, huenda isijitambulishe kwa kompyuta. Iweke katika hali ya kuonyesha kanda, ambayo mara nyingi huandikwa PLAY au VCR.

Pili ni waya. Ziko waya za USB zilizotengenezwa kwa kuchaji tu, zisizopitisha habari yoyote. Kwa macho hazitofautiani na nyingine. Jaribu waya mwingine, kisha tundu jingine la kompyuta yenyewe.

Tatu ni programu. Katika kompyuta za Windows ipo orodha ya vifaa iitwayo Device Manager. Kamera ikionekana humo na alama ya manjano, maana yake kompyuta imeiona lakini programu ya kuiendesha haipo au ina kasoro. Isipoonekana kabisa, rudi kwenye umeme na waya. Funga pia programu nyingine inayoitumia kamera hiyo. Na ikiwa kamera yako hurekodi katika kadi, si katika kanda, shida yako ni ndogo: toa kadi, uitie katika kisomea kadi, ukanakili.

Nne ni tundu lenyewe, na hapo ndipo fundi wetu alipokwama. Kanda ndogo za kidijitali ziitwazo MiniDV zilitoka mwaka 1995. Kila sekunde kanda hiyo hutoa picha zenye uzito wa megabiti 25 hivi. USB ya kwanza haikuweza kupitisha zaidi ya megabiti 12 kwa sekunde. Kamera hizo zilipewa njia nyingine, IEEE 1394, ambayo Apple huiita FireWire na Sony huiita i.LINK. Tundu la USB, katika kamera nyingi za aina hii, liliwekwa kwa ajili ya picha za mnato zilizo katika kadi. Fundi alikuwa akibisha hodi kwenye mlango usiokuwa na mtu.

Taabu ni kwamba mlango ule wa kweli unazidi kufungwa. Kompyuta mpya karibu zote hazina tundu hilo, na Apple iliiondoa njia hiyo kabisa katika mfumo wake wa macOS 26, uliotolewa mwaka 2025. Mara nyingi, basi, kompyuta kuukuu ya mezani hufaa kuliko mpya ya thamani kubwa.

Tuliipata ya rafiki mmoja. Tulizima kamera na kompyuta kabla ya kuziunganisha, kwani plagi ya pini 6, inayoingia upande wa kompyuta, hubeba umeme, na ikisukumwa kinyume yaweza kuunguza kamera. Tulisogeza pia kile kidude kilicho ukingoni mwa kanda kutoka REC hadi SAVE, ili mkono ukiteleza usirekodi juu ya kumbukumbu. Kisha tukangoja, maana kanda ya saa moja hunakiliwa kwa saa nzima, nayo hujaza nafasi ya gigabaiti 13 hivi.

Asiyepata tundu hilo asikate tamaa. Kamera nyingi zina waya wa rangi tatu, manjano, nyeupe na nyekundu, wa kuunganishia televisheni. Kipo kifaa kidogo cha kuunasia mkondo huo na kuuingiza kompyutani kwa USB. Picha hupungua ubora kidogo, lakini sauti huokoka.

Kanda ya jirani yangu ilikuwa imechakaa, na mahali pengine picha ilivunjika vipande vipande. Baba yule hakutoa hotuba wala wosia. Aliuliza chumvi iko wapi, akacheka, kisha akamwita mtoto kwa jina la utani ambalo binti mwenyewe hakujua kwamba aliwahi kuitwa. Aliomba turudishe pale, tukarudisha. Akaomba tena.

Kamera za kanda hizi hazitengenezwi tena, na kila mwaka zilizobaki hupungua. Wewe uliye na kanda sandukuni, itoe wiki hii. Nakili, weka nakala mahali pawili tofauti, kisha irudishe kanda yenyewe mahali pakavu. Na fundi akikuambia kamera imekufa, mwulize kwanza ametumia tundu gani.