Kasha, Kodeki na Kichezeshi: Istilahi za Kuchagua Programu ya Filamu

Tuseme mwalimu wa jiografia amepewa faili la filamu ihusuyo volkeno. Analitia katika kompyuta ya shule, analifungua mbele ya wanafunzi, na kioo kinamwandikia: "Faili limeharibika." Mwalimu anaamini alichoambiwa, naye analifuta faili ili apate nafasi ya kazi nyingine. Kumbe faili lilikuwa zima. Kilichopungua ni uwezo wa programu aliyoitumia, na mfasiri wa ujumbe ule hakutofautisha mambo mawili yaliyo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kuyatenganisha mambo hayo, ili mtu aweze kuchagua programu ifaayo, na mfasiri aweze kumwongoza bila kumpotosha.

Jambo la kwanza ni jina la programu yenyewe. Wengi husema "kucheza filamu", lakini katika Kiswahili achezaye filamu ni mwigizaji. Programu haichezi, huifanya filamu ichezeke, kama vile refa achezeshavyo mechi bila kuugusa mpira. Kutokana na kitenzi "chezesha" twaweza kupata "kichezeshi", kwa kanuni ile ile iliyotupatia "kiunganishi" na "kivumishi". Neno "kionyeshi" nalo lingefaa, ila aghalabu msomaji angelidhania kuwa ni ile mashine ya kumulika picha ukutani.

Jambo la pili ndilo kiini cha makala haya. Faili la filamu ni mfano wa kasha. Ndani yake mna mikondo kadhaa: mkondo wa picha, mkondo wa sauti, na pengine mkondo wa maandishi ya tafsiri. Herufi zilizo mwishoni mwa jina la faili hutaja kasha tu. AVI ni kasha lililoletwa na kampuni ya Microsoft mwaka 1992. MOV ni la kampuni ya Apple. MP4 ni la viwango vya kimataifa. MKV lilianzishwa mwaka 2002, na jina lake refu, Matroska, limetokana na wale wanasesere wa Kirusi wakaao mmoja ndani ya mwingine. Alionaye kasha hajaona kilichomo.

Kilichomo kimebanwa, na sababu yake yaonekana kwa hesabu. Picha moja yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, huhitaji baiti 6,220,800. Zikipita picha 25 kwa sekunde, filamu ya saa mbili ingehitaji zaidi ya baiti trilioni moja, hata kabla ya kuhesabu sauti. Lakini faili la filamu kama hiyo huweza kuwa na baiti bilioni mbili tu. Kazi ya kubana hivyo kwa utaratibu maalumu ni kusimba, na kazi ya kurudisha picha katika hali ya kutazamika ni kusimbua. Jozi hii inafuata mwendo wa lugha yetu, kama "funga" na "fungua", au "ziba" na "zibua". Utaratibu wenyewe, pamoja na kipande cha programu kiutekelezacho, tunapendekeza uitwe "kodeki". Miongoni mwa taratibu hizo za picha ni H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013, na AV1 ya mwaka 2018.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tusitumie "king'amuzi"? Neno hilo ni zuri, lakini nchini Tanzania limekwisha kushikamana na kisanduku cha kupokelea matangazo ya televisheni ya dijiti, hasa tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012. Zaidi ya hayo, king'amuzi husimbua tu, hali kodeki husimba na kusimbua.

Neno "umbizo" nalo lina hatari yake. Wafasiri hulitumia kwa kasha na kwa kodeki vilevile, na hapo ndipo mtumiaji apoteapo. Mafaili mawili ya MKV yaweza kukaa pamoja, moja likafunguka na la pili likakataa, kwa kuwa la kwanza limesimbwa kwa H.264 na la pili kwa H.265. Aliyeambiwa kwamba "umbizo ni MKV" hataelewa sababu.

Tofauti hiyo ikishaeleweka, uchaguzi wa kichezeshi huwa mwepesi. Yafaa kuuliza maswali manne.

(a) Je, kichezeshi kina kodeki zake chenyewe, au kinategemea zile za mfumo wa kompyuta? Vichezeshi vinavyokuja na mfumo aghalabu hutegemea mfumo. QuickTime Player ya kompyuta za Apple, kwa mfano, haifungui kasha la MKV. VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa mwaka 1996 na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001, hubeba kodeki nyingi ndani yake na haina malipo. mpv ni ya namna hiyo pia, ila humfaa zaidi mtu aliyezoea kutoa amri kwa kibodi.

(b) Je, kompyuta ina nguvu ya kutosha? Kodeki mpya hubana zaidi, lakini husimbuliwa kwa jasho. Sauti ikiendelea huku picha zikikwamakwama, pengine kompyuta ni ya zamani na haina sakiti ya kusimbua kodeki hiyo. Hapo dawa ni kupata nakala iliyosimbwa kwa H.264.

(c) Je, kichezeshi huonyesha vizuri maandishi ya tafsiri? Wafasiri wazingatie hili. Maandishi hayo mara nyingi huwa katika faili la pembeni la SRT, lenye jina sawa na la filamu. Yakihifadhiwa kwa UTF-8 na kichezeshi kikayasoma kwa utaratibu mwingine, ritifaa iliyopinda katika "ng'ombe" huweza kugeuka alama tatu zisizo na maana. Kichezeshi kizuri humruhusu mtumiaji kuchagua utaratibu wa kusoma herufi.

(d) Je, programu imepatikana wapi? Ichukuliwe kwa watengenezaji wenyewe. Tangazo limwambialo mtazamaji apakue "kodeki iliyokosekana" kutoka mahali pasipojulikana limekuwa mlango wa programu haribifu kwa miaka mingi.

Kabla ya kulihukumu faili, lifunguliwe kwa kichezeshi cha pili, na taarifa za kodeki zisomwe. Katika VLC taarifa hizo zimo katika orodha ya zana.

Tunarudi kwa mwalimu wetu. Laiti ujumbe ungesema, "Kichezeshi hiki hakina kodeki ya kusimbua faili hili; jaribu kichezeshi kingine," wanafunzi wake wangeiona volkeno. Kwa hiyo tunawasihi wafasiri waliweke neno "haribika" kwa faili lililoharibika kweli, yaani lililokatika au kupotea sehemu zake. Katika ofisi zitunzazo kanda za mikutano na sherehe za zamani zilizohamishiwa kwenye kompyuta, kosa hili huweza kufuta kumbukumbu ambayo haina nakala nyingine.