Peke yake angani, na wingu mbele



Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wanataka kufanya kazi gani wakikomaa. Msichana mmoja akajibu: "Mwalimu, mimi nitakuwa rubani." Wenzake wakacheka. Kijana mmoja akamuuliza: "Na kama uko juu peke yako, mawingu yakakufungia njia, utafanya nini?" Msichana akanyamaza. Mimi pia sikuwa na jibu. Nikaenda kusoma, na niliyoyapata naona yatatufaa sisi wazazi, hata kama nyumbani kwetu hakuna atakayeendesha ndege.

Kule Marekani, sheria inaruhusu mwanafunzi wa urubani kuruka peke yake akifikisha miaka 16. Hebu tufikiri: miaka 16! Kabla ya siku hiyo mwalimu ameketi kando yake mara nyingi. Kisha siku inafika, mwalimu anashuka, anafunga mlango, na mtoto anaondoka. Akirudi, desturi yao ni kukata kipande cha nyuma cha shati lake na kuandika tarehe juu yake. Wanasimulia kwamba katika ndege za zamani mwalimu aliketi nyuma, akimvuta mwanafunzi shati ili amsikilize. Shati likikatwa, maana yake hakuna tena wa kumvuta.

Baadaye hutumwa mbali zaidi, mpaka uwanja mwingine na kurudi. Siku hiyo mwalimu hutazama pamoja naye habari za hali ya hewa, kisha hutia sahihi katika daftari lake. Hana ruhusa ya kubeba abiria. Lazima aone ardhi chini yake, na mchana aweze kuona mbele umbali wa karibu kilometa 5.

Lakini mvua haisomi daftari. Asubuhi jua linawaka. Mchana ardhi inapata joto, hewa yenye unyevu inapanda, mawingu yanakua. Sisi wa Kivu tunalijua jambo hilo vizuri. Mwanafunzi anaona wingu limeshuka, naye anashuka kidogo apite chini yake. Mbele linashuka tena, naye anashuka tena. Hakuna mahali palipoandikwa "hatari inaanza hapa". Na moyoni anajiambia: mwenzangu anaingoja ndege hii, mwalimu ataniona mwoga, wazazi wamelipa franga nyingi. Kwa hiyo anaendelea.

Kwa nini wingu ni hatari hivyo? Si kwa sababu ya mvua peke yake. Ndani ya sikio kuna mifereji midogo yenye maji, nayo hutuambia kama tunageuka au tumetulia. Mmewaona watoto wakizunguka uani, halafu wakisimama ghafula wanaanguka kwa kizunguzungu. Mwili wao umesimama, lakini maji ya sikioni bado yanakwenda. Katika wingu rubani haoni ardhi wala mbingu, na sikio linamdanganya vilevile. Ndege ikiinama na kugeuka polepole, yeye anasikia kwamba iko sawa. Inapoanza kushuka kwa mwendo mkali, anavuta usukani ili apande, kumbe anazidi kukaza ule mzunguko wa kushuka.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu jambo hili. Walichukua watu 20 wasiozoezwa kuendesha ndege kwa kutazama vyombo tu, yaani zile saa na mishale iliyo mbele ya rubani. Hawakuingizwa katika wingu la kweli: walizuiwa tu wasione nje, mwalimu akiwa kando yao. Wote 20 walishindwa kuitawala ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178, yaani hata dakika 3 hazitimii.

Lakini habari haikuishia hapo. Walifundishwa jambo moja: kutulia, kuamini vyombo kuliko sikio, kugeuza ndege polepole na kurudi walikotoka. Wakajaribiwa tena mara 60 kwa jumla, wakafaulu mara 59. Leo sheria ya Marekani inadai mwanafunzi wa ndege azoezwe kwa vyombo angalau saa 3 kabla ya kupata leseni ya rubani binafsi. Hata hivyo mazoezi hayo si ya kumpa ujasiri wa kuingia wingu. Ni ya kumtoa akiingia kwa bahati mbaya. Dawa ya kwanza ni kugeuka mapema, akiwa bado anaona.

Tena wanafundishwa kukiri. Mwanafunzi aliyepotea, au aliyefungiwa na mawingu, ashike redio aseme wazi: "Mimi ni mwanafunzi, niko peke yangu, naomba msaada." Walio chini wataacha mengine na kumwongoza. Anayeficha aibu yake hawezi kusaidiwa.

Niliposoma hayo, nilikumbuka kosa langu mwenyewe. Mwaka fulani mwanafunzi wangu alifika darasani ameloa mpaka kifuani. Alikuwa amevuka mto uliojaa. Nikamuuliza: "Kwa nini hukurudi nyumbani?" Akajibu kwa sauti ndogo: "Niliogopa adhabu, Mwalimu." Adhabu ile ilikuwa yangu. Niliwaadhibu waliokosa bila kuwauliza sababu. Mtoto yule aliniogopa mimi kuliko maji. Tangu siku hiyo, mto ukijaa, anayerudi nyumbani namsifu mbele ya wenzake.

Wamama, watoto wetu nao huenda peke yao: kisimani, sokoni, kwa shangazi, kwenye masomo ya mbali. Hatuwezi kukaa kando yao siku zote. Juma hili, jioni mkila, mwulize mtoto: "Ukiona njia ni mbaya, utafanya nini?" Kisha mwambie kwa kinywa chako kwamba akirudi mikono mitupu hatapigwa wala kuchekwa. Na siku atakaporudi kweli, chumvi haikununuliwa na mboga zinangoja, tulikumbuke neno letu.

Yule msichana nilimpelekea jibu: utageuka, ukiwa bado unaona. Akasema: "Basi, Mwalimu, bado nataka kuwa rubani." Safari hii hakuna aliyecheka.